Miamba ya Singida: Mali Bila Daftari

Ndugu msomaji, wako watu wenye uwezo ambao kila mwaka huvuka bahari kuu kwenda Meksiko na Guatemala kutazama magofu ya Wamaya. Hurudi na picha za mahekalu ya mawe, za misitu na za maziwa, na husimulia mwezi mzima. Hatuwalaumu, kwani kutembea ni kujifunza. Lakini jirani yetu mmoja hapa Unguja alipotuonyesha picha zake za Chichen Itza, mwenzangu alizitazama kwa makini, akazirudisha, kisha akauliza swali ambalo sikuwa na jawabu lake: "Mawe ya watu haya yamependeza. Ya kwetu tumeyaona lini?"

Nilidhani anakusudia Kilwa au Ras Mkumbuu. Kumbe mawazo yake yalikuwa mbali na pwani. Alipokuwa chuo cha ualimu alisoma na binti wa Kinyiramba, na binti huyo alikuwa akimsimulia habari za miamba iliyopandana kama vyungu, na mapango yenye picha nyekundu ambazo wazee walisema zilikuwapo kabla ya babu wa babu zao. Miaka zaidi ya thelathini mwenzangu aliiweka ahadi ile moyoni. Sasa wote wawili tumestaafu, watoto wameshika njia zao. Tukafunga safari kwenda Singida.

Msomaji wa visiwani atashangaa. Singida? Huko kuna nini zaidi ya kuku, alizeti na vitunguu? Nasi tulikuwa na fikra hiyo hiyo. Tunaandika makala hii kwa sababu tumerudi tukiwa na fikra nyingine, na kwa sababu tumeona jambo ambalo viongozi wetu, wa Bara na wa Visiwani, hawana budi kulisikia.

Kutoka Unguja tulivuka kwa boti hadi Dar es Salaam, tukapanda treni ya umeme ambayo tangu mwaka 2024 inafika Dodoma, na kutoka hapo tukachukua basi. Kutoka Dodoma hadi mji wa Singida ni kilomita zipatazo 240. Baada ya tambarare ya Bahi, barabara hupanda ukingo wa Bonde la Ufa. Ukigeuka nyuma unaiona nchi yote imelala chini, na ndipo unapotambua kwamba dunia imewahi kupasuka mahali hapo, upande mmoja ukabaki juu na mwingine ukazama.

Juu ya ukingo huo, katika Wilaya ya Manyoni, iko Kilimatinde, ambako Wajerumani walijenga boma lao mwishoni mwa karne ya 19. Hawakupachagua kwa kubahatisha. Hapo ndipo ilipopita njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji. Na hapo ndipo ilipoanza ile nyika ambayo wapagazi waliiita Mgunda Mkali, yaani shamba kali, kwa sababu ya ukame na kiu yake. Burton na Speke waliivuka mwaka 1857. Tippu Tip, mzaliwa wa Unguja, aliipita mara nyingi. Maelfu ya wapagazi ambao majina yao hayakuandikwa popote waliivuka wakiwa na pembe za ndovu mabegani, na watumwa waliivuka wakiwa na minyororo shingoni.

Tulisimama hapo kwa muda. Mwenzangu hakusema neno, nami nilijua anawaza nini. Majumba ya Mji Mkongwe ambayo leo tunajivunia mbele ya wageni hayakujengwa kwa karafuu peke yake. Sehemu ya mali ile ilipita hapa, juu ya vichwa vya watu. Mtu wa visiwani anapofika Singida, basi, hafiki ugenini moja kwa moja. Anafika kwenye ukurasa wa kitabu chake mwenyewe ambao hakuwahi kuufungua.

Magharibi ya Manyoni, kuelekea Itigi, tulikiona kichaka kinachojulikana kwa jina la mji huo. Ni msitu mfupi uliosongamana hata mtu mzima hapenyi bila panga. Namna hii ya kichaka haipatikani kwa wingi duniani. Kipo kingine cha jamii yake kusini-magharibi, mpakani mwa Zambia na Kongo. Ndani yake nyuki hutengeneza asali ambayo imeipatia Manyoni sifa. Sehemu kubwa ya kichaka hicho imekwisha kufyekwa kwa mashamba na mkaa, na kwa kuwa hakina miti mirefu wala wanyama wakubwa wa kupigwa picha, ni wachache wanaokililia.

Mji wa Singida wenyewe unakaa katikati ya mawe na maji. Maziwa mawili, Singidani na Kindai, yapo ubavuni mwa mji. Maji yake ni ya chumvi, kwa sababu mito inaingia na hakuna unaotoka. Jua huyanyanyua maji na kuiacha chumvi. Katika chumvi hiyo huota mwani mdogo usioonekana kwa macho, na mwani huo ndio chakula cha heroe, ndege wa rangi ya waridi ambao wengi huwaita flamingo. Tulikaa ufukweni jioni moja tukiwatazama wakitembea kwa miguu mirefu, vichwa vimeinamishwa majini. Mwenzangu akasema wanafanana na akina mama wa Paje wakati maji yamekupwa, wakiinama juu ya mashamba yao ya mwani. Nilikubali. Hata kazi ni moja.

Na mawe, ndugu msomaji! Yamesimama kila upande, mengine makubwa kuliko msikiti, mengine yamebebwa na jiwe dogo kiasi kwamba unahofia kupita chini yake. Mtoto wa huko atakuambia yamewekwa na majitu. Elimu ya miamba inasema hivi: jiwe hili ni sehemu ya uti wa mgongo wa Afrika, lenye umri wa zaidi ya miaka milioni 2,500, na liliganda chini kabisa ya ardhi. Ardhi ya juu ikachukuliwa na mvua na upepo. Maji yakapenya katika nyufa, yakala kingo na pembe mpaka kila pande likawa mviringo. Kisha udongo uliolizunguka ukamomonyoka, jiwe likabaki limesimama peke yake. Hakuna jitu lililofanya kazi hiyo. Ilifanywa na tone la maji, kwa subira isiyopimika.

Kutoka mjini tulikwenda kaskazini, kwenye wilaya za Iramba na Mkalama, nchi ya Wanyiramba na Waisanzu, ambayo inateremka kuelekea bonde la Ziwa Eyasi. Huko ndiko wanakoishi baadhi ya Wahadzabe, ambao mpaka leo wako miongoni mwao wanaoishi kwa upinde, asali na mizizi. Na huko ndiko ziliko picha alizosimuliwa mwenzangu alipokuwa kijana.

Kijiji tulichokwenda hatutakitaja jina, na sababu yake itaonekana baadaye. Tulipokewa na mzee mmoja ambaye nyumba yake iko chini ya mlima wa mawe. Mwenzangu alimwamkia kwa heshima, "Shikamoo, babu." Naye akaitika, "Marahaba, wanangu. Mmetoka baharini kuja kuona mawe?" Akacheka, akachukua fimbo yake, akatutangulia.

Pango lenyewe si pango la kuingia ndani. Ni jiwe kubwa lililoinama mbele kama ukingo wa paa, na chini yake pana kivuli na ukuta mkavu usiofikiwa na mvua. Mwanzoni hatukuona kitu. Mzee akatuambia tusubiri mpaka macho yazoee. Kisha, kidogo kidogo, mnyama akajitokeza. Alikuwa twiga, shingo yake ndefu imechorwa kwa mstari mmoja wa rangi ya damu ya mzee. Nyuma yake pofu. Kisha watu wembamba, warefu, vichwa vyao vimevimba kama waliovaa manyoya. Mwenzangu alinishika mkono, kama mtu aliyesikia akiitwa jina lake na asiyemjua.

Wataalamu wanatufahamisha kwamba picha nyekundu za namna hii, ambazo zimetapakaa kuanzia Kondoa hadi Singida na Eyasi, ni kazi ya watu walioishi kwa uwindaji, na baadhi yake zina umri wa maelfu ya miaka. Rangi ilitokana na udongo mwekundu wenye chuma, uliosagwa na kuchanganywa na kitu cha kuushikamanisha na jiwe. Picha nyeupe, nene, zilizopakwa kwa kidole, zilikuja baadaye pamoja na wakulima, na nyingi zinahusiana na matambiko. Mara nyingi utaona nyeupe imepakwa juu ya nyekundu. Waliokuja baadaye hawakufuta kazi ya waliowatangulia, waliongeza yao.

Mzee alitueleza kwamba mahali pa namna hii palikuwa pa heshima, na kwamba katika Isanzu kazi ya kuomba mvua haikuwa ya mtu mmoja. Walikuwapo viongozi wawili, mwanamume na mwanamke, na mvua haikutazamiwa mpaka wote wawili wametimiza wajibu wao. "Mkono mmoja haunyeshi mvua," akasema, akatutazama mimi na mwenzangu.

Kisha akatuonyesha upande wa pili wa jiwe, na hapo ndipo furaha yetu ilipokatika.

Chini ya ukuta palikuwa na shimo la kina cha mtu, na kifusi kimetupwa pembeni. Ukutani mtu alikuwa ameandika jina lake kwa mkaa, herufi kubwa, juu ya tumbo la mnyama ambaye hatukuweza tena kumtambua. Na mita chache kutoka hapo jiwe jingine lilikuwa limepasuliwa kwa moto na nyundo, vipande vyake vimepangwa mafungu mafungu, tayari kuuzwa kuwa kokoto. Tulimuuliza mzee kama lile jiwe nalo lilikuwa na picha. Akajibu, "Lilikuwa nazo nilipokuwa mchungaji."

Mashimo yale yanachimbwa na watu wanaoamini kwamba Wajerumani, walipokuwa wakirudi nyuma katika Vita vya Kwanza vya Dunia, walizika dhahabu, na kwamba picha za mapangoni ni alama za kuonyesha ilipo. Imani hiyo imeenea Kondoa, Singida na kwingineko, na imeharibu zaidi ya mvua ya miaka elfu. Hii ndiyo sababu ya kutokitaja kijiji kile. Hatutaki kalamu yetu iwe ramani ya wachimbaji.

Yafaa tuseme wazi, kwa faida ya wanaochimba. Dhahabu ya Mjerumani katika nchi hii ilikuwapo kweli, na ilitoka hapo hapo Iramba. Mgodi wa Sekenke ulianza kutoa dhahabu mwaka 1909. Vita vilipowabana na fedha zikawaishia, Wajerumani waliipeleka dhahabu ile Tabora, na mwaka 1916, katika karakana ya reli, wakafua sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo, zaidi ya 16,000. Mwezi Septemba mwaka huo huo Tabora ikatekwa na majeshi ya Ubelgiji. Sarafu zile zilitawanyika mikononi mwa watu, na leo zinanunuliwa na wakusanyaji wa vitu vya kale duniani. Dhahabu hiyo, basi, inajulikana ilikokwenda. Na aliyemchora twiga yule alikuwa amekwisha kufa maelfu ya miaka kabla Mjerumani wa kwanza hajazaliwa. Angejuaje pa kumwekea alama?

Tuliporudi kijijini tuliomba kuona orodha ya mapango. Kijana wa ofisi alitupokea vizuri, akafungua madaftari yake. Ilikuwapo orodha ya kaya, orodha ya ng'ombe, orodha ya vyoo na orodha ya wakulima wa alizeti. Mapango hayakuwamo. Hakuwa na makosa. Hakuna aliyewahi kumwagiza ayaandike.

Hapo tukakumbuka kwamba wako watu waliowahi kuziandika picha za nchi hii, nao walikuwa mume na mke. Dk. Ludwig Kohl-Larsen, Mjerumani, na mkewe Margit, binti wa nahodha mashuhuri wa wavuvi wa nyangumi kutoka Norway, walifika katika sehemu hizi katika miaka ya 1930. Walikuwa wamekutana katika kisiwa cha South Georgia, kusini ya mbali ya Bahari ya Atlantiki, kwa hiyo tunaweza kusema hata wao walitoka kisiwani. Walinakili picha za miambani, na mwaka 1958 wakatoa kitabu juu yake kwa Kijerumani. Vivyo hivyo, mwaka 1951 Mary Leakey na mumewe Louis walikaa Kondoa miezi kadhaa wakinakili picha kwa mikono yao, na kitabu cha Mary kilichotoka mwaka 1983 kilikuwa na jina linalosema kwamba sanaa hii ya Afrika inatoweka.

Hatuwasifu watu hao kwa kila jambo. Kohl-Larsen alikuwa mwanachama wa chama cha Nazi, na mengi aliyoyachimbua katika ardhi yetu yalipelekwa Ujerumani, ambako sehemu yake imehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Tübingen. Lakini hapana budi kukiri jambo moja linalouma. Ikiwa jiwe lililopasuliwa kwa kokoto lilikuwa na picha, na ikiwa picha hiyo iliwahi kunakiliwa, basi mjukuu wa yule mzee atakapotaka kujua babu yake aliona nini alipokuwa akichunga, atalazimika kukitafuta kitabu cha Kijerumani. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tunayo mali, na daftari tumewaachia wageni.

Sheria si kwamba haipo. Sheria ya Mambo ya Kale ilitungwa mwaka 1964, miaka mitatu tu baada ya Uhuru, na ikarekebishwa mwaka 1979. Michoro ya miambani ni miongoni mwa vitu inavyovilinda. Jirani na Singida, michoro ya Kondoa iliingizwa mwaka 2006 katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na huko Kolo wageni hupokewa na kuongozwa. Lakini mpaka wa mkoa haukuwekwa na wachoraji. Waliochora upande ule ndio waliochora upande huu, na picha ya Singida haikupungua thamani kwa kuwa imekosa kibao barabarani.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wanaohusika mambo ambayo hayahitaji fedha nyingi. Kwanza, kila kijiji chenye mapango kipewe daftari, na maofisa wa Mambo ya Kale wasaidiane na walimu na wazee kuandika kila jiwe lenye michoro, pamoja na picha na jina lake la kienyeji. Daftari hilo lisibandikwe ukutani, ili lisiwe mwaliko kwa wachimbaji. Likae kwa mtendaji, na nakala yake wilayani na katika Idara. Pili, asipewe mtu kibali cha kupasua mawe kabla jiwe halijakaguliwa. Tunajua wanaopasua kokoto, wengi wao akina mama, hufanya hivyo kwa njaa wala si kwa ubaya. Mawe yasiyo na michoro ni mengi, waonyeshwe hayo. Tatu, wazee kama yule aliyetuongoza wateuliwe kuwa walinzi, na sehemu ya malipo ya wageni ibaki kijijini. Mtu hulinda kinachomlisha.

Nasi wa visiwani tuna la kujifunza na la kutoa. Tunayajua machungu ya kuchelewa. Beit el-Ajaib, jumba lililokamilika mwaka 1883, lilistahimili hata mizinga ya Waingereza mwaka 1896. Lakini tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka lilipokuwa katika matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha. Wataalamu wa Zanzibar wamepata katika jambo hilo elimu ya gharama kubwa. Mambo ya kale kila upande wa Muungano una idara yake, lakini hakuna sheria inayokataza watu wa idara mbili kukaa meza moja. Waliochimba na kuchunguza pango la Kuumbi kule Jambiani na wanaoshughulika na mapango ya Bara wanasoma kitabu kimoja, kurasa mbalimbali.

Siku ya kuondoka tulipita kumuaga mzee. Mwenzangu alimpa daftari jipya lenye jalada gumu, la kurasa mia mbili, alilolinunua mjini, akamwomba mjukuu wake anayesoma sekondari aandike ndani yake kila jiwe ambalo babu analikumbuka, lililopo na lisilokuwapo tena. Mzee alilipokea kwa mikono miwili, akalipindua, akaona kwamba ni tupu.

"Kurasa hizi zitatosha?" akauliza.

Hatukujua la kumjibu. Tulipokuwa tukiteremka kuelekea barabarani, kijana alikuwa amekwisha kukaa chini ya mti, kalamu mkononi, na mzee alikuwa akinyoosha fimbo yake kuelekea mlimani, jiwe moja baada ya jingine.